Roketi na parachuti zaokoa ndege ndogo, lakini si zile za kwenda Ifo

Anayetoka Nairobi kwenda kambi ya wakimbizi ya Ifo ana njia mbili. Ya kwanza ni barabara ya Mwingi hadi Garissa, kisha kilomita zipatazo 100 zaidi hadi Dadaab. Ya pili ni ya angani: kutoka uwanja wa Wilson hadi kiwanja cha Dadaab, safari ya muda wa saa moja hivi, na kutoka hapo kambi iko kilomita chache tu.

Itakumbukwa kuwa mnamo Novemba 2006 mafuriko yaliikumba Ifo, yakabomoa makao ya maelfu ya wakimbizi na kuikata barabara ya Garissa, hata misaada ikawa haina budi kupitia angani. Mwezi wa Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, raia wa Uhispania, walitekwa nyara kambini na kupelekwa Somalia. Tangu wakati huo vilipuzi vinavyotegwa barabarani katika eneo hilo vimegharimu maisha ya maafisa wa usalama na raia. Kwa daktari, mfanyakazi wa misaada au mgonjwa mahututi anayehitaji kufikishwa Nairobi, ndege si anasa bali ndiyo njia ya kutegemewa.

Abiria aliyeketi karibu na dirisha huona nyika tambarare, mchanga na vichaka vya mathenge visivyo na mwisho, na si ajabu akajiuliza itakuwaje injini ikizimika. Wengi wameona picha za ndege ndogo ikiteremka polepole chini ya parachuti kubwa, abiria wake wakatoka wakitembea. Swali hufuata: kwa nini ndege zetu hazina kifaa hicho? Ni swali la haki. Ila jibu lake haliwezi kueleweka kabla ya kukijua kifaa chenyewe, kwa kuwa kina nguvu kubwa katika jambo moja na hakina msaada wowote katika mengine.

Chanzo chake ni ajali. Mwaka wa 1975, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kijana kwa jina Boris Popov alikuwa akiruka kwa bawa la kuning'inia lisilo na injini lilipovunjika akiwa futi zipatazo 400 juu ya ziwa. Alianguka majini na kunusurika. Mnamo 1980 alianzisha kampuni ya Ballistic Recovery Systems, maarufu kama BRS, kwa lengo la kutengeneza parachuti ya kubeba chombo kizima pamoja na aliyemo. Uhai wa kwanza uliokolewa mwaka wa 1983. Leo kampuni hiyo inasema watu waliookolewa na vifaa vyake wamepita 400.

Ugumu wa kazi hiyo haukuwa parachuti yenyewe. Mwanajeshi anayeruka kutoka ndegeni hujitupa mbali na ndege kwanza, ndipo akafungua mwavuli wake. Ndege nzima haiwezi kujitupa mbali na nafsi yake. Ikiwa inazunguka kama pia au imepoteza bawa, kitambaa kikitolewa ovyo kitajisokota kwenye mkia au rafadha na kuwa sanda. Hapo ndipo roketi ilipohitajika. Rubani akivuta mpini, kiwashio hulipuka na kuiwasha roketi ndogo yenye fueli ngumu; roketi hupasua kifuniko na kuivuta parachuti hadi kamba zikanyooka, yote hayo kwa muda usiozidi sekunde chache.

Kitambaa hakiruhusiwi kufunguka mara moja. Kingefunguka ghafla ndege ikiwa katika mwendo wake wa kawaida, mshtuko ungekata kamba au kuwavunja shingo abiria. Kwa hiyo pete huzibana kamba karibu na ukingo wa kitambaa, nayo huteremka polepole kadiri mwendo unavyopungua. Ubunifu huo mdogo ndio uliowezesha parachuti kuhimili ndege inayokwenda zaidi ya kilomita 240 kwa saa.

Waliokiingiza kifaa hiki katika ndege za kawaida ni ndugu wawili wa Marekani, Alan na Dale Klapmeier, waasisi wa kampuni ya Cirrus. Mwaka wa 1985 Alan aligongana na ndege nyingine angani. Alifaulu kutua ilhali sehemu ya bawa lake ilikuwa imekatika; rubani wa ndege ile nyingine alikufa. Ndege yao ya SR20 ilipoidhinishwa mwaka wa 1998, parachuti ilikuwa sehemu ya kiwanda wala si pambo la ziada. Mikanda yake imefichwa chini ya ngozi ya ndege, na roketi ikiondoka mikanda huichana ngozi hiyo kama mshono. Ndege hubaki ikining'inia karibu sawasawa na kushuka kwa kasi ya futi 1,700 hivi kwa dakika.

Kasi hiyo si ya unyoya. Ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa takriban mita nne. Ndiyo maana chini ya viti huwekwa matabaka ya alumini yaliyotobolewa mfano wa sega la nyuki, yasagike badala ya uti wa mgongo. Aidha, hewa ya Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, ni nyepesi kuliko ya Dadaab, ambako ardhi imeinuka kidogo tu juu ya usawa wa bahari. Parachuti ile ile itaibwaga ndege kwa kishindo zaidi Wilson kuliko Ifo.

Rubani wa kwanza wa Cirrus kuokolewa kwa njia hiyo alikuwa Lionel Morrison, mnamo Oktoba 2002 katika jimbo la Texas, baada ya sehemu ya bawa lake kulegea kutoka kwenye bawaba. Hata hivyo, miaka iliyofuata iliwaacha wengi wameduwaa. Ndege za Cirrus ziliendelea kuua kwa kiwango kisichotofautiana sana na cha ndege nyingine ndogo, parachuti zikiwa zimekunjwa vizuri ndani ya vifusi. Marubani hawakuwa wakivuta mpini. Walijiamini kupita kiasi, walikawia, au walisita kwa kujua kwamba ndege ikishashuka kwa parachuti aghalabu haifai tena.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa roketi mpya bali mafunzo. Kuanzia mwanzoni mwa muongo wa 2010, chama cha wamiliki wa ndege hizo pamoja na kampuni yenyewe walikaza kuwafunza marubani kwamba parachuti ni uamuzi wa mwanzo wala si wa mwisho, na kwamba ndege ikipata hitilafu tayari ni mali ya kampuni ya bima. Vifo vikapungua kwa kiasi kikubwa, na waliookolewa na parachuti za Cirrus pekee wamepita 200. Mwandishi huyu anaona sehemu hii ya kisa ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili na wale wanaodhani usalama hununuliwa tayari ndani ya sanduku.

Mahali ambapo kifaa hiki hakina mpinzani ni katika mgongano wa angani. Mnamo Mei 12, 2021, karibu na jiji la Denver, ndege ndogo ya Cirrus iliyokuwa na watu wawili iligongana na ndege kubwa zaidi ya mizigo zote mbili zikijiandaa kutua. Ile ya mizigo ilitua ikiwa imepasuliwa karibu nusu ya mwili wake. Ile ndogo ilivuta parachuti ikashuka kondeni. Hakuna aliyeumia.

Mnamo Machi 5, 2024, Nairobi ilishuhudia mgongano unaofanana na huo kwa namna ya kuhuzunisha. Ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imeondoka Wilson kuelekea Diani ikiwa na watu 44 iligongana na Cessna 172 ya shule ya urubani. Dash 8 ilirejea uwanjani salama. Cessna ilianguka ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na mwalimu pamoja na mwanafunzi wake wakafa. Cessna 172 ni miongoni mwa aina za ndege ambazo BRS ina idhini ya Marekani ya kuziwekea parachuti, sawa na Cessna 150 na 182. Hakuna anayeweza kuapa kwamba parachuti ingewaokoa wawili hao. Kifaa huhitaji urefu wa kutosha na mwili wa ndege uliosalia mzima kiasi cha kushikilia mikanda. Lakini ajali yao ni ya aina ile ile iliyowasukuma Klapmeier kuanza kazi yao.

Sasa turudi kwenye safari ya Ifo. Ndege ambazo kwa miaka mingi zimewabeba wafanyakazi wa misaada hadi Dadaab, zikiwemo zile zilizosimamiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ni za aina ya Dash 8 na Cessna Caravan. Dash 8 ina uzani wa zaidi ya tani 15, na hakuna parachuti ya kiraia inayoikaribia. Caravan ndiyo hulisumbua swali hili zaidi, kwa kuwa ina injini moja tu na huitwa ndege ndogo. Hata hivyo, Caravan iliyojaa ina takriban tani nne, ilhali Cirrus SR22 ina tani moja na nusu na ushei.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Parachuti ya SR22 ina kipenyo cha mita 17 hadi 20 kulingana na toleo. Ili kuishusha Caravan kwa kasi ile ile, kitambaa kingehitaji kipenyo cha mita 30 hivi, pamoja na roketi, kamba na mifupa ya ndege yenye nguvu ya kulingana. Uzani huo wote ungetolewa kwenye nafasi ya abiria au dawa. Chombo kizito kilichowahi kuidhinishwa kikiwa na parachuti ya aina hii ni ndege ya jeti ya Cirrus iitwayo Vision Jet, iliyopata cheti mwaka wa 2016, nayo haifiki tani tatu. Septemba 2022 moja ilishuka kwa parachuti karibu na Kissimmee, Florida, na watu watatu waliokuwemo wakanusurika.

Helikopta nazo zina tatizo lao: panga linalozunguka juu ndilo lingelikutana na kamba kwanza. Rubani wake, injini ikizimika, huitegemea hewa inayopita katikati ya panga hilo liendelee kuzunguka na kumteremsha. Caravan nayo si jiwe. Ikiwa futi 10,000 juu ya nyika ya Garissa, inaweza kuserereka hewani zaidi ya kilomita 20 bila injini, na hutua kwa kasi ndogo. Kwenye ardhi tambarare kama ile, rubani aliyefunzwa vyema ana nafasi nzuri, mathenge yakiwa adui wake mkubwa.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba, tukizipitia ajali zilizoiliza nchi hii, nyingi si za injini kuzimika juu. Mnamo Januari 24, 2003, Waziri wa Leba Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi na mwana wa Kaskazini Mashariki, alifariki ndege ilipoanguka mara tu baada ya kupaa Busia. Kwa ndege ya Cirrus inayokwenda sambamba na ardhi, majaribio yalionyesha kwamba hupotea futi 400 hivi kabla ya parachuti kushika, na zaidi ya futi 900 ikiwa imeanza kuzunguka. Anayepata msiba juu ya paa za nyumba hana futi hizo.

Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi aina ya Y-12 iligonga kilima karibu na Marsabit, ikaua watu 14, wakiwemo wabunge waliokuwa katika safari ya kutafuta amani. Juni 5, 2018, Caravan iliyotoka Kitale iligonga milima ya Aberdare, wote 10 wakafa. Oktoba 28, 2025, Caravan nyingine iliyotoka Diani kuelekea Maasai Mara ilianguka penye msitu na vilima Kwale, wote 11 wakafa. Rubani anayeingia mlimani ndani ya wingu hajui kwamba yuko hatarini hadi sekunde ya mwisho. Mpini mwekundu ungekuwa juu ya kichwa chake na asingekuwa na sababu ya kuushika. Dawa ya ajali kama hizo ni kifaa cha kumwonya kwamba ardhi imekaribia, habari sahihi za hali ya hewa, na mwajiri asiyemlazimisha kuruka.

Kwa hiyo, kama Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini ingeulizwa leo ianzie wapi, jibu la busara ni katika shule za urubani, ambako ndege ni ndogo, anga ya Wilson ni ya msongamano na marubani bado ni wanagenzi. Ujerumani hailichukulii jambo hili kama hiari: ndege zake nyepesi mno za michezo sharti ziwe na parachuti ya kuokolea. Kizuizi ni gharama. Kifaa hula sehemu ya mizigo na uzani wa kilo karibu 40 katika Cessna, na kila baada ya miaka 10 hivi parachuti hukunjwa upya na roketi kubadilishwa kwa maelfu ya dola. Fauka ya hayo, roketi ni kilipuzi. Kuiingiza nchini ni jambo la Sheria ya Vilipuzi na vibali vyake, na katika nchi yenye majeraha ya Garissa hakuna afisa atakayekitia sahihi kibali hicho kwa pupa.

Afrika Mashariki, hata hivyo, si ngeni kabisa kwa vyombo vinavyojishusha kwa parachuti. Tangu Oktoba 2016 kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu hospitalini nchini Rwanda kwa ndege zisizo na rubani, na baadaye ilifika Kenya, katika kaunti ya Kisumu. Kifurushi huangushwa kwa parachuti ndogo, na chombo chenyewe kikigundua hitilafu kisichoweza kuimudu, hufungua parachuti yake na kushuka bila kumgonga mtu kwa kishindo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba parachuti ya kwanza ya dharura ambayo mkazi wa Ifo ataiona ikifunguka itakuwa ya chombo kama hicho, kilichobeba dawa, wala si ya ndege yenye watu.

Lakini ndege za kibinafsi na za watalii huvuka mipaka, na Cirrus zimeenea duniani. Ikianguka moja karibu na kijiji au kambi, watakaofika kwanza hawatakuwa wazima moto bali wachungaji na vijana wa mtaa wa karibu, kama ilivyo desturi yetu ya kukimbilia kuokoa. Hatari yao ni roketi ambayo haikufyatuliwa. Mnamo 2004 bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za uchukuzi ilitaka waokoaji wafahamishwe hatari hiyo, kwa sababu mwili wa ndege ukipinda unaweza kuuvuta waya wa kufyatulia hadi ukabakisha kidogo tu.

Katika Cirrus, roketi hutokea juu ya mgongo wa ndege, nyuma ya dirisha la mwisho. Hapo hapasimamwi wala kuinamiwa. Mpini mwekundu ulio darini hauguswi, na mwili wa ndege haukatwi kwa msumeno wala shoka kabla fundi hajaonyesha waya unapopita. Ikiwa parachuti imekwisha kufunguka, roketi yake haina madhara tena, ila upepo wa kiangazi unaweza kukijaza kitambaa na kuiburuta ndege pamoja na majeruhi. Kitambaa hicho hukunjwa au kulaliwa na kitu kizito mapema. Kwenye ubavu wa ndege huwekwa kibandiko cha kuonya kwamba ndani mna roketi. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa wale watakaokifikia kwanza huko Ifo, Dagahaley au Hagadera husoma Kisomali na Kiswahili.